Aliandika "ameteleza" mara tatu, sasa anawafundisha walionusurika vipigo

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, Tuovi Hakkarainen anavua buti zake mlangoni mwa chumba kilicho juu ya maktaba ya Kallionlahti, anavaa soksi za sufu na kuanza kusogeza viti. Havipangi kwa duara wala kwa mistari. Anavigeuza kimoja kimoja mpaka vyote viwe vinautazama mlango.

"Wengi wao hawawezi kukaa wakiupa mlango mgongo," anasema huku akikisukuma kiti cha mwisho kwa goti. "Ilinichukua miezi minne kulitambua hilo. Nilidhani wanasitasita kuketi kwa sababu ya aibu."

Tuovi ana miaka 62 na ni muuguzi tangu akiwa na miaka 23. Kwa miaka minane sasa, kila Jumanne, anafundisha katika mji huu mdogo wa mashariki mwa Finland somo ambalo hakuwahi kufundishwa chuoni: namna ya kuutunza mwili uliopigwa na mtu uliyekuwa ukimpenda.

Jikoni yuko Irmeli Turunen, 66, anayechemsha kahawa na kukata mikate ya mdalasini. Mwanamke wa kwanza kufika anaonja kahawa na kukunja uso.

"Irmeli, hii ni kahawa au ni maji yaliyopita karibu na kahawa?"

"Kunywa tu, dada. Nesi kasema moyo wako usiende mbio."

Kufikia saa nne wameshafika wanawake kumi na mmoja. Mdogo ana miaka 19, mkubwa ana 71. Hakuna daftari la mahudhurio na hakuna anayeulizwa jina la ukoo. Kabla ya yote Tuovi huwaambia maneno yale yale, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi: mlango haufungwi kwa ufunguo, anayetaka kutoka atoke, hatafuatwa na mtu asiyemwomba, na hataulizwa yaliyompata.

Somo la leo ni shingo.

Tuovi anaunganisha kipande cha mpira laini kwenye bomba la jikoni, mwisho wake anautia katika beseni, anafungulia maji. Anawaomba wanaotaka waubane kwa vidole viwili. Mmoja baada ya mwingine wanabana, na kila mara maji yanakatika.

"Mmeona nguvu mliyotumia? Kufungua kopo la soda kunataka nguvu kuliko hiyo," anawaambia. "Kwa hiyo anayekwambia hakukukaba sana, alikugusa tu, huyo hajui anachosema. Au anajua."

Anaendelea taratibu. Anaeleza kwamba aliyekabwa huenda asiwe na alama yoyote shingoni. Hatari yaweza kuja siku kadhaa baadaye, hata wiki. Sauti kukwaruza, chakula kupita kwa shida, kizunguzungu, kusahau, kope la jicho moja kulegea: hayo si uzee wala wazimu, ni mambo ya kumpelekea daktari siku hiyo hiyo.

Mwanamke mmoja wa makamo amepeleka mkono kooni na kuuacha hapo. Hakuna anayemtazama. Baada ya dakika chache anaushusha mwenyewe na kuchukua mkate.

Si kila Jumanne huwa nzito namna hii. Kuna siku ya usingizi, siku ya dawa, siku ya kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Kuna siku ya meno, ambayo wengi huipenda, kwa sababu wanalala kwa zamu kwenye kiti cha kuegemea na kujifunza kuinua mkono ili daktari aache. Tuovi, akiwa daktari wa meno wa kuigiza na kijiko mkononi, huambiwa "acha" mara hamsini kwa saa moja.

"Siku hiyo narudi nyumbani nikiwa na furaha kupita kiasi," anasema. "Sijawahi kukatazwa na watu wengi hivyo."

Alizaliwa katika nyumba ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake hakuwahi kumpiga mama yake, na kwa muda mrefu Tuovi aliamini kwamba nyumba nyingi ziko hivyo. Alisomea uuguzi, akaolewa na fundi umeme mpole, akazaa wasichana wawili, akaajiriwa katika kituo cha afya cha mji mwingine mdogo, saa moja kwa gari kutoka hapa. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kuwapokea walioumia, kuosha vidonda na kuandika sababu.

Huko majira ya baridi ni marefu, barafu hufunika njia tangu Novemba hadi Aprili, na watu huanguka. Wazee huvunjika mikono wakienda kuchukua barua, vijana wakitoka baa. Neno "ameteleza" Tuovi aliliandika maelfu ya mara. Lilikuwa neno la kweli karibu kila siku, ndiyo maana lilimfaa kila mtu.

Irmeli Turunen alifika mbele yake mara tatu katika miaka miwili. Mara ya kwanza ilikuwa kifundo cha mkono. Mara ya pili zilikuwa mbavu. Mara ya tatu shavu lilikuwa limepasuka, na Tuovi alilishona nyuzi tano. Mume wa Irmeli alikaa pembeni akiwa ameshika koti la mkewe. Alijibu maswali yote yeye, kwa upole, na wakati wa kuondoka alishukuru.

"Nilimwona mume mwema," anasema Tuovi. "Nakumbuka niliwaza hivyo kabisa."

Miaka sita ilipita. Irmeli alikwisha kuachana na yule mwanamume, akahamia Kallionlahti kwa dada yake, na akamfungulia kesi. Wakili wake aliomba kumbukumbu zote za matibabu. Zilipofika mahakamani zilimsaidia mshtakiwa. Wakili wa upande wa pili alizisoma kwa sauti: ameteleza, ameteleza, ameteleza. Hukumu ilikuwa faini ndogo kwa tukio moja tu, lile ambalo jirani alilishuhudia.

Wiki mbili baada ya hukumu Irmeli alipanda basi mpaka kituo kile cha afya, akachukua namba, akasubiri zamu yake. Alipoingia hakuketi. Aliweka karatasi tatu mezani.

Maneno yake Tuovi anayajua kwa moyo. Anayasema akiwa ameangalia dirishani.

"Aliniambia, 'Ya tatu hii soma tarehe. Ilikuwa Mei. Barafu ilikuwa wapi, Tuovi?'"

Irmeli aliziacha karatasi mezani, akatoka, akaenda kusubiri basi la kurudi. Siku ile Tuovi aliwahudumia wagonjwa wengine kumi na wanne, kisha akaomba ruhusa ya siku mbili, kitu alichokuwa hajawahi kufanya isipokuwa kwa uzazi na misiba.

Anasema hakulia. Alichofanya ni kukaa jikoni kwake na kujaribu kuwakumbuka wengine. Aliwakumbuka wanawake tisa. Yule aliyesema ni mlango wa kabati. Yule aliyekuja na mtoto mgongoni na jino mkononi. Wa kumi aliukumbuka uso bila jina, na huyo ndiye aliyemsumbua zaidi.

Alimwandikia Irmeli barua akiomba wanywe kahawa. Hakujibiwa. Akaandika ya pili, ikarudishwa bila kufunguliwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mstari mmoja: saa sita, mkahawa wa stesheni, utalipa wewe.

"Nilikwenda kwa ajili ya kahawa ya bure," anasema Irmeli kutoka jikoni, kwani chumba ni kidogo na masikio yake bado mazima. "Mwanamke huyu alikaa pale akiwa mweupe kama sahani. Nilitaka kumkasirikia, nikaishia kumwagizia supu."

Wanawake hao wawili walikaa hapo kwa muda wa saa tatu. Irmeli hakuzungumzia kesi. Alizungumzia meno: alikuwa hajamwona daktari wa meno kwa miaka tisa, kwa sababu hakuweza kulala chali na mikono ya mtu ikiwa karibu na uso wake. Kipimo cha saratani aliitwa mara mbili akakipuuza. Dada zake walipomwita sauna, chumba cha mvuke wanamooga pamoja, siku za Jumamosi aliwaambia ana pumu, ili asivue nguo mbele yao, na hata baada ya alama kufutika aliendelea kuwa na pumu kwa sababu hakujua namna ya kupona ugonjwa wa kubuni. Alikuwa akilala saa tatu kwa siku.

"Mimi nilidhani akishaondoka kwa mwanamume, mambo yamekwisha," anasema Tuovi. "Kumbe mwili wake ulikuwa bado uko kule."

Mwaka uliofuata aliomba kuhamishiwa Kallionlahti. Aliiandikia halmashauri akiomba chumba na siku moja kwa wiki. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini jambo la polisi liingizwe katika bajeti ya afya. Tuovi alimjibu kwa orodha ya kurasa mbili ya magonjwa, kuanzia shinikizo la damu. Alipewa chumba juu ya maktaba. Kahawa na mikate hununua mwenyewe.

Matangazo ya darasa hubandikwa sehemu moja tu: upande wa ndani wa milango ya vyoo vya wanawake, maktabani, dukani na kwenye kituo cha mafuta. Huko mwanamke huwa peke yake. Wanawake wapatao mia mbili na arobaini wameshapitia darasa hilo.

Mmoja wao ni Saija, ambaye jina lake halisi tumelificha kwa ombi lake. Ana miaka 34 na ni dereva wa basi la wanafunzi. Miaka miwili iliyopita aliona tangazo akiwa kwenye choo cha kituo cha mafuta, akasoma maneno makubwa tu, "Darasa la afya kwa wanawake", akadhani ni mambo ya vitamini.

"Nilikuwa nachoka sana," anasimulia. "Nikadhani labda ni upungufu wa damu. Sikuja kwa sababu ya yule mtu. Mimi niliona wanaopigwa ni wengine."

Kwa wiki tatu alikaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na mlango bila kuvua koti. Alikuwa bado anaishi na mwenzi wake. Hakuna aliyemuuliza. Wiki ya nne likaja somo la shingo. Saija alikuwa wa mwisho kubana ule mpira, na maji yalipokatika hakuuachia haraka. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza kwa niaba ya mtu mwingine.

"Na kama ni wiki iliyopita?"

Tuovi alimsogelea ili amjibu, ndipo alipoona kwamba kope la jicho lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Kidogo sana, anasema, mtu angefikiri ni usingizi.

Hakupandisha sauti. Alimwomba Irmeli aendelee kuwamiminia watu kahawa, akamwambia Saija kwamba ingefaa waende hospitali pamoja, sasa hivi, kwa gari lake. Saija alikataa. Saa saba ilikuwa lazima awarudishe nyumbani watoto ishirini na watatu, na hakuwa tayari kumwachia mtu njia yake, maana katika njia ile kuna kona tatu ambazo wageni hawazijui.

Tuovi anasema lilikuwa jibu gumu kuliko yote aliyowahi kutoa, kwa sababu alimwahidi kila mwanamke katika chumba kile kwamba hatamlazimisha.

"Nilimwambia, 'Sitakulazimisha, Saija. Lakini nataka ujue ninachokiogopa. Naogopa hilo jicho litakuja kukufanyia ujeuri ukiwa kwenye kona, na watoto wamekaa nyuma.'"

Saija alichukua simu na kumpigia mkuu wake wa kazi, akasema anaumwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba.

Hospitali iko kilomita sabini. Njiani hawakuzungumza sana, isipokuwa karibu na mwisho wa safari, Saija aliposema kwamba mwenzi wake humwita kichaa na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kukubali. Alikuwa akisahau maneno. Mwezi ule aliwahi kupitiliza kituo cha mtoto mmoja, kituo alichokuwa amesimama kila siku kwa miaka saba, na mtoto alilazimika kupiga kelele kutoka nyuma.

Picha ilionyesha kwamba ukuta wa ndani wa mshipa mkubwa wa damu shingoni ulikuwa umechanika, na damu imeanza kuganda hapo. Daktari, mwanamke kijana, alimwambia kwamba angeweza kupata kiharusi saa yoyote. Kisha akamuuliza nani alimfanyia, na Saija akataja jina.

"Nilipolitaja nilisikia nimechoka tu," anasema. "Watu hudhani utasikia ushujaa. Mimi nilitaka kulala."

Alilazwa siku sita. Kutoka hospitali hakurudi kwake, alipelekwa katika nyumba salama. Alimeza dawa za kuzuia damu isigande kwa miezi sita, na baada ya miezi minane madaktari wakamruhusu kuendesha tena. Mahakamani, karatasi ya hospitali ilikuwa na maneno haya: amekabwa na mwenzi wake. Mwanamume yule alifungwa mwaka mmoja na miezi minane.

Saija bado husahau baadhi ya maneno. Hubeba daftari dogo. Njia ya basi anaikumbuka yote.

Tuovi hapendi habari hii isimuliwe kana kwamba ndiyo kawaida. Kuna mwanamke aliyehudhuria miezi mitano kisha akarudi kwa mumewe, na yuko kwake mpaka leo. Bado huja darasani mara mojamoja. Anapewa kahawa kama wengine. Kuna mwingine ambaye kipimo alichokwepa kwa miaka kumi kilichelewa mno, na darasa zima lilikwenda kumzika.

"Siokoi watu," anasema. "Ninawapa habari za miili yao, basi. Wengine hawajawahi kupewa."

Juni mwakani anastaafu. Jambo hilo limewasumbua wanawake wa Jumanne kuliko anavyopenda. Halmashauri haijasema kama nafasi yake itajazwa. Mwezi uliopita chuo cha uuguzi cha mji jirani kiliandika kikiomba kuleta wanafunzi wanne wakae darasani kujifunza, na Tuovi, badala ya kujibu, aliisoma barua mbele ya wote.

Mjadala ulichukua Jumanne mbili. Wengine walisema hawataki kutazamwa kama samaki kwenye tangi. Hatimaye walipiga kura: tisa walikubali, wawili walikataa, na wale wawili wakapewa haki ya kuandika masharti. Waliandika matatu. Wanafunzi watakuja bila sare, bila kalamu, na hawatafundishwa na Tuovi. Watafundishwa na wanawake wenyewe, na somo litakuwa moja, namna ya kuuliza.

Wiki iliyopita walifanya mazoezi. Meza ya kahawa iligeuzwa kuwa meza ya muuguzi. Kwanza waligombana juu ya swali lenyewe. "Kuna shida nyumbani?" lilikataliwa, kwani kila nyumba ina shida. "Unajisikia salama?" lilizomewa na bibi wa miaka 71, aliyesema alijibu swali hilo "ndiyo" kwa miaka thelathini kwa sababu nyumba yao ilikuwa na kufuli nzuri. Mwisho walikubaliana kwamba mume atolewe nje kwanza, na swali liwe la wazi: je, kuna mtu aliyekuumiza?

Saija ndiye aliyeongeza la mwisho. Alisema muuguzi akishauliza anyamaze, asigeukie kompyuta, asilijaze pengo. Aliwapimia kwa saa yake ya mkononi sekunde ishirini, na kila mtu alishangaa zilivyo ndefu.

Walipohitaji mtu wa kuigiza muuguzi, Tuovi alisimama. Walipohitaji mgonjwa, Irmeli alifuta mikono, akatoka jikoni na kuketi mbele yake. Chumba kizima kilijua. Tuovi aliuliza swali kama lilivyoandikwa, kisha akanyamaza, mikono yake ikiwa juu ya magoti. Saija hakuzipima sekunde mara hii.

"Ndiyo," alisema Irmeli.

Hapo mazoezi yalikwisha, kwa sababu hakuna aliyejua waendelee vipi, na Irmeli akasema mikate inapoa.

Wanafunzi watakuja Januari. Agosti, Saija ataanza masomo ya uuguzi msaidizi, asubuhi akiendesha basi na mchana akiwa darasani. Akimaliza atakuwa na miaka 37. Irmeli ameweka miadi na daktari wa meno, ya kumi na mbili tangu yeye na Tuovi wakutane mkahawani, na kumi na moja zote amezitimiza.

Tuovi alipoulizwa anatarajia nini baada ya Juni, alitaja wajukuu, bustani ya viazi na goti linalohitaji upasuaji. Halafu akavua miwani na kuifuta kwa upindo wa sweta.

"Natamani miaka kumi ijayo mwanamke aingie katika kituo cha afya mahali nisipopajua, akutane na muuguzi wa miaka ishirini na mitatu, aulizwe, na asubiriwe," alisema. "Yule msichana hatajua alilipata wapi swali hilo. Atadhani ndivyo wauguzi walivyofanya siku zote."